Nyumba ya Vinyota

Baba Pacha,

Sisi wazima. Pacha wanatembea sasa, na kila fundi anayeingia humu ndani wanamwita baba. Goti la mama yako linamsumbua, ila mdomo mzima.

Fumbo lako nimelipata: nyumba iliyochorwa kwa vinyota kwenye skrini, na mshindi ni mwenye msimbo mfupi zaidi wa kuiagiza kompyuta iichore. Nikakumbuka tulivyokuwa tukishindana ofisini, meza moja, mpaka chai inapoa. Nikapunguza herufi hapa, nikapunguza pale, hadi nikajua safari hii nimekuweza. Nikamwita mama yako aje aone.

Akavaa miwani, akatazama weee. "Mama Pacha, nyumba gani hii haina mlango? Mwanangu atapitia wapi?"

Kweli, katika kupunguza nilikuwa nimeufuta mlango bila kuona. Nilicheka naye. Halafu nikaenda jikoni nikakaa peke yangu kidogo.

Mume wangu, mchezo huu umetuzoesha vibaya. Siku hizi salamu zako ni "poa", na nikikuuliza unarudi lini unaandika "bado". Neno hilo halipunguziki tena.

Mlango nimeurudisha. Msimbo umerefuka, kwa hiyo umeshinda wewe, na sina kinyongo. Njoo uutambie ushindi wako hapa hapa. Kama bado, basi niandikie kwa urefu.

Mkeo, ambaye hajakomea mlango.