Zuhra kamshusha bosi

Letisia, uko hapo? Yaani leo ofisini nimeumia roho.

Ile tovuti mpya ya ushirika wetu wa wakulima niliyoihangaikia miezi miwili, niliijenga kwa vipande ili mtu yeyote aweze kuvihamisha juu au chini, hata kwa simu. Juu kabisa niliweka picha ya bosi na salamu zake.

Leo kikaoni Zuhra, yule aliyeajiriwa juzi kutoka Ruangwa, kashika simu, kamshusha bosi chini kabisa. Juu kaweka siku za mnada wa ufuta. Bosi mwenyewe kakaa pale.

Nikasubiri afokewe. Bosi akasema, "Sasa mkulima wa Marambo ataona anachokitafuta." Wakampigia makofi. Kwa vipande vyangu, Letisia. Mimi hata asante sijapata.

Nimefika nyumbani nikamrudisha bosi juu. Nikaangalia weee.

Nimemshusha tena, kwa mkono wangu.