Mayai Niliyoyapiga Alama ya Kosa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu. Natumaini mgongo umekupa nafasi, na shemeji ameacha kupanda ngazi za watu kama kijana. Sisi hatujambo, tunakula na tunalala. Usishangae herufi zangu kuwa kubwa kama za ubao wa darasani. Sababu utaikuta humu humu, nami naomba usome mpaka mwisho kabla hujanipigia simu kunifokea.

Kwanza nafuta kauli. Ule ujumbe niliokutumia wiki mbili zilizopita, kwamba umenipa mayai ishirini ya kuku wasiomjua jogoo, naumeza wote. Mwombe jogoo wako radhi, jamaa alifanya kazi yake.

Ilikuwa hivi. Shule zilipofungwa na basi langu la wanafunzi likaegeshwa, niliwasha lile sanduku la kutotoleshea ulilonipa, nikayapanga mayai kama ulivyonielekeza. Siku ya saba nikayapeleka stoo, mchana kweupe, nikaziba dirisha kwa blanketi na kuwasha tochi. Ulikuwa umenieleza vizuri: yai lenye uhai likimulikwa lina mishipa myembamba myekundu na kidoa katikati, lisilo na kitu linang'aa tu, na likiachwa kwenye joto linaweza kuoza, likapasuka na kuyachafua mengine. Basi nikapima moja baada ya jingine. Kumi na manne niliyaona matupu. Kila moja nikalipiga alama ya kosa kwa penseli, nikamkabidhi wifi yako bakuli akayafukie. Kisha nikakaa kukuandikia ule ujumbe wa kejeli, nikijiona bingwa.

Wifi yako hakubisha. Alichukua bakuli, akakaa humo stoo muda mrefu kidogo, na tangu siku hiyo kazi ya kuyageuza mayai sandukuni akaishika yeye.

Siku ya ishirini na moja milio ikaanza sandukuni. Nilitarajia vifaranga sita, tena kwa bahati. Nikahesabu kumi na watatu. Nikahesabu upya, wale wale. Nilipookota maganda nikayasogeza karibu na pua, ndipo nilipoziona alama zangu. Maganda tisa yalikuwa na alama ya kosa kwa mkono wangu mwenyewe. Na kati ya yale sita niliyoyapitisha kwa mbwembwe, mawili yalikuwa viza, yananuka hata kabla ya kuvunjwa.

Nikamuuliza wifi yako. Alinijibu huku akikunja nguo, kwamba siku ile aliyapima tena kwa tochi ile ile, na kumi yalikuwa na mishipa waziwazi, akayarudisha. Manne tu ndiyo aliyoyafukia, na katika yale kumi ni moja tu lililokataa kuanguliwa. Nikamfokea kwa nini hakuniambia. Akasema angeniambia kwa mdomo ningedai tochi ni mbovu, kama ninavyodai kila akiyataja macho yangu, na kwa kuwa basi lilikuwa limeegeshwa aliona bora nisubiri niambiwe na vifaranga. Kisha akaniuliza, Jumatatu shule zikifunguliwa, nitawaonaje watoto wanaokatiza barabara, ikiwa sikuuona moyo unaodunda mbele ya pua yangu, tena kwenye mwanga. Nilikaa juu ya gunia la pumba nikalia, mtu mzima na ndevu zangu.

Sasa dada, hili ndilo ninalolizungukazunguka tangu juu. Mwaka jana uliponisukuma niende kupimwa macho, nilikwambia daktari kasema nina macho ya kijana. Sikwenda. Nilifika getini nikageuza. Niliogopa kunyang'anywa usukani, maana baada ya miaka kumi na minane sijui mtu kama mimi anaamkia nini asubuhi. Na kile kioo cha pembeni nilichosema kimegongwa basi likiwa limeegeshwa, nilikigonga mimi kwenye nguzo ya geti la shule, watoto wakiwa ndani. Binti mmoja wa darasa la kwanza aliumia paji la uso, likavimba. Mama yake nilimwambia nilifunga breki kumkwepa mbwa, naye akanishukuru kwa uangalifu wangu. Hapakuwa na mbwa, dada. Nguzo sikuiona.

Leo asubuhi nimempelekea mwalimu mkuu funguo za basi na kumweleza yote. Hakunifokea, ila hakuniahidi kitu. Jioni nakwenda kwa yule mama. Hospitali ni Jumatano, na nakuomba uje twende wote, kwa sababu najijua, peke yangu nitageuza getini tena.

Vifaranga wazima, nimekutengea watano. Wifi yako anasema mmoja ana doa jeusi mgongoni. Mimi namwona wa njano tu. Anakusalimu sana, na anaomba ukifika unifokee, lakini kidogo. Msalimie shemeji na watoto.

Ni mimi mdogo wako,
dereva wa basi la shule hadi leo asubuhi.