Ile Tatu Niliyokupa, Baba

Mpendwa Baba,

Nimekaa kwenye kiti chako cha mbao hapa nyumbani Theta, kile ulichokataa katakata kiwekewe mto, na nina jambo la kukiri. Usikunje uso kwanza. Barua hii ni ya shukrani, ila inabidi nianzie mbali kidogo.

Unakumbuka siku uliyonipa kadi nyekundu? Nilikuwa kidato cha pili, wasichana wa kanisa letu wakicheza na wa kanisa jirani kule uwanja wa Gatongora. Refa ulikuwa wewe, maana kila Jumapili baada ya ibada filimbi ilikuwa yako. Nilimvuta msichana mmoja jezi akiwa amebaki na kipa tu. Mama akapiga kelele kutoka pembeni, "Baba Njeri, si huyo ni mtoto wako!" Ukaichomoa kadi bila kupepesa macho. Tukirudi nyumbani ukaninunulia soda na mandazi mawili, ukasema, "Umecheza vizuri sana, Maitu. Lakini kadi ni kadi." Uliniita Maitu, mama yangu, kwa sababu nilibeba jina la mama yako. Nilitaka kukununia mpaka Jumapili iliyofuata lakini mandazi yalikuwa matamu.

Sasa nije kwa mchezo wangu. Nilipoanza kuutunga, nilitandaza karatasi mezani sebuleni na wewe ukasoma moja bila kuombwa. Ni mchezo wa kuketi mezani, kila mtu na shujaa wake, dadu zikiamua nani apige na nani akose. Shujaa niliyempenda zaidi alikuwa Mlinzi: anapigana kwa upanga mkubwa, kwa panga na ngao, au kwa panga peke yake, na pia ana maneno ya nguvu. Ukashusha miwani. "Hakuna uchawi kwa hii nyumba." Nikakueleza kwa nusu saa kwamba ni hadithi tu. Hukukubali. Ulikubali tu tuliposhauriana yaitwe matamko, na Mlinzi ayatamke akiwa ameinua mkono ulio wazi, kama mtu anayeomba.

Kosa lilikuwa hapo hapo, na wewe ndiye uliyeliona. Uliuliza, "Huu mkono wazi anautoa wapi kama ameshika upanga na mikono yote miwili?" Nikasema ataachilia mkono mmoja kidogo. Ukanitoa nje hadi nyuma ya jiko. Ukashika jembe kwa mikono miwili ukalipiga chini, kisha ukaachilia mkono mmoja, ukauinua, ukalishika tena. Ukachukua panga na kifuniko cha sufuria, ukakwama, huna mkono wa kuinua. Mwisho ukashika panga peke yake. Mama alichungulia dirishani, akakuangalia ukinyanyua kifuniko chake kikubwa cha kupikia githeri, akafunga pazia.

"Unaona?" ulisema ukihema. "Huyu wa upanga mkubwa anapiga nguvu kuliko wote, na bado anatamka. Hawa wengine wawili wamekuja kufanya nini uwanjani?"

Jioni hiyo tuliandika kanuni tatu ambazo ziko katika kitabu cha mchezo mpaka leo. Mwenye upanga mkubwa akitamka, hapigi zamu hiyo. Mwenye ngao anatamka kupitia ngao yake, lakini matamko ya kulinda tu. Mwenye panga moja na mkono mtupu anapiga na kutamka zamu hiyo hiyo, ila pigo lake ni jepesi. Nilikuwa nimehangaika na jambo hilo miezi mingi, na wewe ulilimaliza kwa jembe. Sijui kama niliwahi kukuambia asante. Asante, Baba.

Ukamchagua wa mkono mtupu awe wako na ukamwita Refa. Tulikubaliana kila pigo lake likipata liondoe pointi mbili za uhai wa adui. Kisha ukaanza kwenda hospitali Thika kila wiki, na mchezo wetu ukawa wa alasiri ukisharudi, mguu ukiwa juu ya stuli. Dadu zilikukataa, Baba. Ulirusha moja, moja, mbili, moja, na Refa akawa anapigwa kama ngoma. Sikuweza kuvumilia uchoke hospitali kisha uje uchoke na nyumbani. Nikafuta mbili nikaandika tatu.

Uliona wiki hiyo hiyo. "Hii tatu imetoka wapi?"

"Nimejaribu mara nyingi. Ndiyo iko sawa."

Sikuwa nimejaribu hata mara moja. Ulinitazama, ukasema, "Haya. Refa ni wewe." Na tangu siku hiyo, kila pigo lako likipata, ulihesabu mbili kwa sauti, halafu ukangoja. Mimi nikasema, "Tatu, Baba." Wewe ukasema, "Haya, tatu." Kila mara. Leo ndipo ninaelewa kwamba ulikuwa unanipa nafasi ya kusema ukweli.

Hilo ndilo ninalokiri. Ulitutoka mwaka jana, na kitabu kimefika karibu kuchapishwa. Rafiki yangu Shiko, anayenisaidia kukijaribu kwake, mtaa wa Kimbo, alicheza michezo kumi na miwili akaweka dadu chini. "Njeri, hii mkono mtupu ni noma. Hakuna mtu atachagua ingine. Punguza hiyo tatu." Nikamwambia tatu haiguswi. Akauliza kwa nini. Nikasema ndivyo ilivyo, nikakusanya karatasi nikaenda zangu. Kwa wiki tatu sikupokea simu zake. Ilikuwa namba tu, najua. Lakini ilikuwa kitu cha mwisho nilichokufanyia, na kuifuta kuliniuma kama kukupoteza mara ya pili.

Jumamosi nilirudi Kimbo nikamweleza Shiko yote. Alinisogezea kalamu. Nikaandika mbili. Kisha nikamwomba tucheze mara moja, mimi nikiwa na Refa wako.

Tulikutana na joka la mtoni, lile ulilokuwa ukilitukana kwa Kikuyu. Refa alipigana vizuri mno. Alitamka, akapiga, akatamka tena, na dadu zako mbaya safari hii zikawa nzuri. Pigo la mwisho lilipata. Nikahesabu mbili kwa sauti, halafu, kwa mazoea, nikangoja. Joka lilibakiwa na pointi moja tu ya uhai. Zamu ikawa yake, na Refa akaanguka ukingoni mwa maji.

Shiko akaniuliza kwa upole, "Turudie?"

Nikasema hapana. Nililia kidogo, kisha tukala mandazi. Leo asubuhi nimepeleka kitabu kwa mchapishaji, na ukurasa wa kwanza una jina lako, kwa sababu kila kilicho sawa ndani yake nilijifunza kwako, uwanjani na nyuma ya jiko.

Lala salama. Umecheza vizuri sana, Baba. Lakini mbili ni mbili.

Ni mimi binti yako,
Maitu