Duara Tupu Darajani

Jumatatu, 14 Aprili

Mvua tena. Vipindi vinne, chaki zimelowa, watoto nusu hawakuja. Nimerudi nikamkuta mke wangu Neema amejilaza, miguu imevimba. Nesi wa zahanati amerudia lile lile: kondo la nyuma limekaa chini, asithubutu kuzalia hapa. Mwisho wa mwezi aende Tarime mjini akasubirie karibu na hospitali. Mwaka wa tatu huu nafundisha Nyanungu, na leo nimetamani sana kuwa kwetu Singida.

Watu wa barabara walipita mchana. Nguzo moja ya daraja imepasuka. Wamesimika kibao kila upande, wakaondoka bila kumwambia mtu neno.

Jumatano, 16 Aprili

Nimekwenda kukiona. Duara jeupe, ukingo mwekundu, katikati hamna kitu. Kwa dereva aliyesoma ni wazi: gari lolote lisipite, liwe linatoka huku au kule. Hapa wote wanasema kibao hakijamalizika. Mwenyekiti wa kijiji alinieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi. Kikichorwa lori, lori lisipite. Kikichorwa pikipiki, pikipiki isipite. Kisipochorwa kitu, hakijakatazwa kitu. Wanamsubiri mchoraji.

Mama muuza maziwa hakumsubiri. Kaandika kwa mkaa katikati ya duara: MGANDO UPO, na mshale wa kwenda kwake. Nilicheka mwenyewe barabarani. Kisha likapita lori la mahindi na daraja likalia chini yake.

Jumamosi, 19 Aprili

Mkutano wa kijiji. Nimesimama, nimeeleza, nimechora chini kwa fimbo. Ile nyekundu yenye mstari mweupe, usiingie upande huu. Hii tupu, usiingie kabisa na gari lako. Mzee mmoja kaniuliza kwa nini serikali iweke rangi ya bure kwa jambo zito namna hiyo. Watu wakaangua kicheko. Mwalimu ana maneno.

Jioni dereva Marwa amevuka na Probox yake, abiria wamebanana hadi kwenye buti. Ndiye tuliyepatana naye ampeleke Neema mjini. Nilikuwa kando ya mto, nimeona upande mmoja wa daraja ukishuka kidogo. Nina hasira.

Jumatatu, 21 Aprili

Nimepata dawa yao. Ng'ombe wakishaingia, mlango wa boma hapa hufungwa kwa tawi la miiba. Hakuna mtu mzima anayeligusa la mwenzake. Aliyefunga ndiye afunguaye. Basi leo nimekata mgunga, nimeburuta tawi moja kulilaza mbele ya kibao cha huku, na jingine ng'ambo. Watoto walinizomea.

Hadi jioni hakuna gari lililopita. Lori limefika, dereva kashuka, kauliza nani kafunga. Akaambiwa mwalimu. Akageuza. Hata Marwa sasa anaishia ng'ambo, na njia ya kuzunguka imejaa matope, haipitiki. Nimejivunia, sitajificha. Neema hakufurahi. Kauliza sisi tutapitaje. Nimemwambia atavuka kwa miguu Jumamosi, polepole, mimi nimemshika.

Alhamisi, 24 Aprili

Naandika kwenye benchi la hospitali. Nisipoandika nitapiga kelele.

Damu ilianza alfajiri. Nesi alikuja mbio, akafanya alichoweza, kisha akaniambia nisingoje hata dakika. Nikampigia Marwa. Wanaume wanne wa jirani wakambeba Neema na kitanda chake. Nyumbani hadi mtoni ni mwendo, udongo unateleza, kila wakiteleza anaguna. Gari lingefika mlangoni kwetu. Nilikuwa nawaza hilo tu.

Nikawatangulia, nikavuka daraja mbio. Marwa alikuwa ameshafika, injini inanguruma, tairi za mbele zimekaribia miiba. Nikamwambia avuke na gari amfuate Neema. Hakubisha.

"Mwalimu, umefunga wewe. Fungua, mimi navuka sasa hivi."

Hakuwa akiogopa. Angevuka kweli. Nikashika tawi, miiba ikanizama viganjani, nikaanza kuvuta. Nikatazama chini. Ile nguzo inaning'inia, maji yanaipiga. Marwa ana mke, ana watoto wadogo, mmoja ni mwanafunzi wangu. Na Neema yuko huko nyuma kwenye matope, anaisha.

Sikufungua. Namwandikia nani haya? Sikufungua. Nikageuka, nikakimbia kuwarudia, nikaingiza bega langu chini ya kitanda, tukamvusha kwa miguu hadi kwenye gari la Marwa.

Wamemwingiza chumba cha upasuaji. Hakuna anayetoka kusema kitu. Mungu, usinifanyie hivi.

Jumamosi, 26 Aprili

Neema yu hai. Wamemwongeza damu, nyingine imetoka kwa Marwa.

Mtoto alikuwa wa kike. Hakulia. Ndugu za Marwa wamenisaidia kumzika jana, hapa hapa mjini.

Nimemuuliza daktari kama tungewahi kidogo ingekuwaje. Kasema hawezi kujua. Nimemuuliza mara ya pili, akanishika bega akaondoka. Marwa anasema daraja lingemeza gari, yeye na Neema, nisijitese. Ni mtu mwema. Naye hajui.

Mchana Neema alifumbua macho vizuri. Nilijiandaa kumwambia, lakini alikuwa ameshaelewa. Kisha akauliza kitu kimoja tu.

"Daraja limeanguka?"

Nikamwambia bado limesimama.

Akageukia ukutani. Nimemvutia shuka hadi mabegani. Sasa amelala.