Darubini Niliyoifunga Vibaya

Jumatano, katikati ya Julai. Baridi ya gathano, msimu wa baridi wa huku kwetu, imetukalia tangu alfajiri. Nilipotoka nyumbani Nyeri yote ilikuwa imemezwa na ukungu, mlima hauonekani hata kwa kukisia. Sasa nimerudi, nimekaa na chai yangu, vidole bado vinanuka spiriti.

Leo nimemshika ndovu.

Niandike polepole, maana moyo wangu bado haujatulia. Kazi yangu ni kutengeneza maikroskopu za shule na za maabara, pamoja na miwani za wazee. Nina kibanda kidogo hapa mjini. Mwezi uliopita Daktari Zainabu aliniita. Yeye ni daktari wa wanyamapori katika hifadhi moja upande wa Nanyuki, binti wa mfanyabiashara wa ng'ombe wa huko huko mjini, na bado ni kijana. Alitaka nimfungie darubini juu ya bunduki yake. Uwindaji ulipigwa marufuku kabla sijazaliwa, lakini bunduki yenyewe ukiiona utadhani ni ya kuwindia: mtutu mrefu, kitako cha mbao. Tofauti ni kwamba hii hurusha sindano ya usingizi badala ya risasi.

Nilifunga. Nikasifiwa, nikapewa chai na maandazi, nikarudi Nyeri nikijiona fundi wa mafundi.

Wiki moja baadaye lilionekana dume moja la ndovu likiwa na waya wa mtego mguuni. Daktari alilenga, akafyatua, na sindano ikapita juu ya mgongo wake ikaanguka vichakani. Ndovu akaingia msituni na waya wake. Hizo ni wiki tatu sasa. Tangu siku hiyo daktari amekuwa kichekesho cha kambi, na wakubwa wake wameanza kuulizia daktari mwingine. Kariuki, dereva wao, ndiye aliyenisimulia asubuhi hii tukiwa njiani.

"Huyu daktari kwa vitabu ni moto, Mama Ciku, lakini kulenga, hakuna. Ata mimi ningegonga hiyo ndovu na jiwe."

Daktari mwenyewe alikuwa amenipigia simu jana. Dume limerudi kando ya msitu, linachechemea vibaya. Akaniomba nije niikague bunduki kabla hajaishika. "Nataka nijue kama ni mimi," alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Kule kambini waliniwekea meza nje, na bunduki wakaihakikisha mara mbili kuwa haina kitu ndani. Darubini hushikwa na pete mbili za chuma, na kila pete ina skrubu nne, kila moja ndogo kuliko punje ya mahindi. Nikafungua pete ya kwanza.

Ndani yake kulikuwa na kipande cha tyubu ya baiskeli.

Nilikiweka mimi. Na kwenye pete ya pili pia.

Mtu wa huku atanielewa. Kwetu Othaya mpira wa tyubu ni dawa ya kila kitu. Mpini wa panga ukilegea, tyubu. Mzigo wa majani ya ng'ombe kwenye baiskeli, tyubu. Hata maikroskopu za shule nimezitia tyubu mahali panapoteleza, na watoto wanaona vijidudu vyao bila shida. Basi nilipoiona ile darubini ya bei inang'aa, niliogopa chuma kisiikwaruze, nikaikatia vipande viwili vizuri nikazungushia. Niliona nimeihurumia.

Mpira hauna msimamo. Ukiubana unajisukuma, ukitikiswa unatambaa. Barabara ya pale kambini ni mawe matupu, na gari likirukaruka darubini inahama kidogo tu, unene wa unywele. Unywele mmoja pale kwenye bunduki ni mkono mzima kule aliko ndovu.

Nikavitia vile vipande mfukoni mwa aproni. Hakuna aliyeona.

Kisha nikafanya kazi kama inavyopaswa. Nikafuta mafuta yote kwa spiriti, kwenye pete, kwenye reli ya bunduki inayobeba pete, kwenye kila skrubu. Nikalaza darubini chuma kwa chuma. Nikamwomba daktari ashike bunduki begani, nikaisogeza mbele na nyuma mpaka akaona duara lote wazi bila jicho lake kuwa karibu mno, maana bunduki ikirudi nyuma humpasua mtu nyusi. Askari mmoja akaning'iniza timazi ya waashi kwenye mti, nikalinganisha mstari wa ndani ya darubini na ule uzi. Halafu nikakaza kidogo kidogo, skrubu hii kisha ya upande wa pili, kama nati za gurudumu, kwa nguvu ya vidole viwili tu. Mwisho nikachora kistari cha rangi ya kucha juu ya kila skrubu mpaka kwenye pete. Kistari kikikatika, ujue skrubu imezunguka.

Daktari akarusha sindano tatu za mazoezi. Zote zilitua kwenye kifuniko cha katoni, karibu karibu. Nikamwambia Kariuki azunguke na bunduki ndani ya gari kwenye yale mawe, arudi. Daktari akarusha tatu nyingine. Pale pale.

"Leo usifunge macho, daktari," Kariuki akatania, na watu wakacheka.

Na mimi nikacheka. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mpira.

Ukungu ulipopanda tulimkuta ndovu kando ya msitu, peke yake. Sikusikia hata bunduki vizuri. Niliona tu mkia mwekundu wa sindano umesimama pajani mwake. Akatembea, akapunguza mwendo, akayumba, kisha ule ukubwa wote ukalala ubavu taratibu. Ardhi niliisikia miguuni.

Wote walikimbia, kila mtu na kazi yake. Mimi daktari alinipa kijiti. Nikiweke kwenye ncha ya mkonga usijifunge, na nihesabu pumzi kwa sauti.

Sijui nitaeleza vipi. Nilipiga magoti, na pumzi yake ikanijia kwenye mkono, yenye joto, ikinuka majani mabichi. Moja. Halafu kimya. Kimya kirefu hadi nikaanza kumwomba Mungu. Halafu tena, mbili. Nina miaka arobaini na moja, nimezaa, nimezika, lakini sijawahi kuogopa hivyo na kufurahi hivyo kwa wakati mmoja. Ana kope ndefu kama za msichana. Ngozi yake ina nywele ngumu chache, na matope yaliyokaukia kwenye mikunjo. Nilijisikia mdogo, na sikutaka kuwa mkubwa.

Walipokata waya, uliokuwa umezama nyamani, daktari alisema jambo bila kumwangalia mtu. "Wiki tatu zilizopita ulikuwa kwenye ngozi tu."

Tisa. Kimya. Kumi.

Ndani ya kile kimya nilivisikia vile vipande vya mpira mfukoni, ingawa havina uzito. Mama yangu alikuwa akisema mficha uchi hazai. Kumi na moja.

Akasafisha kidonda, akakijaza dawa, akatuambia turudi nyuma. Sindano ya kuamsha ikaingia kwenye mshipa wa sikio. Dakika chache, sikio likapiga, akajisukuma, akasimama. Alitutazama. Wallahi, kama asemavyo daktari, alitutazama mmoja mmoja. Kisha akageuka, akaingia msituni akiukanyagia ule mguu.

Wanaume wazima walikuwa wanapangusa macho. Kariuki akampigia daktari saluti. "Haya, daktari, umejaribu! Ulikuwa unataka tu mazoezi kidogo."

Nikatoa mkono mfukoni. Nikasema mbele ya wote kwamba mazoezi hayahusiani, kwamba daktari hakukosa. Nikawaonyesha mpira, nikasema niliuweka mimi, na kwamba asubuhi niliuficha mimi.

Hakuna aliyecheka. Kariuki aliangalia viatu vyake.

Daktari Zainabu alichukua kile kipande kimoja, akakigeuza geuza. Nilingoja anitukane, na ningestahili. "Wiki tatu, Mama Ciku," akasema. "Hata baba nilishamwambia nitaacha kazi, kwamba mkono wangu hautulii." Akanyoosha mkono wa kulia mbele yake, uliojaa damu na dawa hadi kwenye kiwiko, akautazama kwa muda mrefu. Haukutikisika hata kidogo.

Hakuniambia amenisamehe, wala sikumwuliza. Kesho naanza kuzipitia maikroskopu zote nilizotia tyubu, shule moja baada ya nyingine.

Kinachonizuia kulala ni kingine. Nilisema nikiwa nimeshamwona ndovu amesimama. Je, ile pumzi ya kumi na moja ingekuwa ya mwisho, ningetoa mkono mfukoni?