Mshenga Wangu Hakuniuliza

Linthipe, 4 Machi 1998

Kaka Limbikani,

Salamu nyingi. Hujambo huko Joni, Afrika Kusini? Sisi hatujambo, ila macho ya mama yamefifia, sasa anatembea akipapasa ukuta. Gladson anataka mimi na watoto tuhamie kwao Kasungu. Aliponioa alikubali kuishi hapa kwetu. Siku ile mliyobadilishana kuku na mshenga wake kufunga ndoa yetu, ulimsikia kwa masikio yako. Nimemwambia sitoki bila kauli yako. Nikienda, nani atampikia mama nsima? Mkatalie, kaka. Wewe ndiye mshenga wangu, msemaji wangu katika ndoa hii.

Dada yako,
Ndaziona

Joni, 30 Machi 1998

Mdogo wangu,

Natumaini u mzima. Mimi nipo, kazi ya kuoka mikate inanitoa jasho tu. Gladson alinipigia simu kabla barua yako haijafika. Tumeongea kiume, nikamkubalia. Siwezi kula matapishi yangu. Mama ana majirani. Fuata mumeo, usiniaibishe.

Kaka yako,
Limbikani

Kasungu, 19 Juni 1998

Kaka,

Hujambo? Mimi sijambo ya kusema tu. Tulihama Aprili. Barua ya Mei hukuijibu. Ulisikia ya Gladson, yangu hukuuliza. Nakuomba tena, mwambie nirudi kwa mama. Bila wewe hakuna anayenisikiliza hapa.

Dada yako,
Ndaziona

Joni, 2 Novemba 1998

Mdogo wangu,

U hali gani? Mtu aliyetoka Lilongwe ananiambia mama alishazikwa. Nimesikia habari za mama yangu kwa mtu baki, barabarani. Nimeumia sana. Mbona hukuniambia? Nakuja Krismasi tuyazungumze.

Kaka yako,
Limbikani

Kasungu, 28 Novemba 1998

Limbikani,

Pole kwa msiba. Mama aliugua Septemba, akalala siku tatu ndani bila mtu kujua. Majirani uliowategemea walikuwa mashambani. Nilipofika walishamfukia.

Unauliza mbona sikukuambia. Nilikuambia Machi, nikakuambia Mei, nikakuambia Juni. Nina hasira na wewe, sitaificha.

Mjomba Sauzande alikuja, akaketi nami mkekani kutwa nzima, akaniuliza, akanyamaza nikasema mpaka nikamaliza. Hakuna aliyewahi kunifanyia hivyo. Yeye ndiye mshenga wangu sasa, wazee wamekubali. Keshokutwa narudi Linthipe na watoto.

Krismasi ukija, usije moja kwa moja kwangu. Ukiwa na neno, mpelekee mjomba. Ataniuliza kama nataka kulisikia.

Ndaziona