Uwanja wa Kugeuzia Gari

Kamukuzi, Mbarara
Jumamosi, 14 Juni 2025

Baba yangu mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Bwana aliyetutunza mpaka leo. Natumaini barua hii inakukuta umeamka vizuri, na kifua hakikusumbui kwa vumbi la kiangazi hiki. Goti la Mama linaendeleaje? Niambie kama ile dawa ya kuchua ilimfaa, maana ninavyomjua, huenda nusu ya kichupa amemgawia jirani. Mbuzi wamezaa? Mihigo bado anaimba kwaya, au amepata kisingizio kingine? Mimi hapa ni mzima wa mwili. Habari za moyo utaziona mwenyewe ukiendelea kusoma.

Nakuomba uvae miwani yako uisome peke yako kwanza, kabla Mama hajauliza imesema nini. Ningepiga simu, lakini wewe kwenye simu husema "tuko vizuri, Mungu ni mwema", kisha unampa Mama. Ndiyo maana nimeandika, kwa Kiswahili hiki cha kanisani ulichonifundishia kusoma. Nimempa Jean-Paul, yule dereva wa taksi ya Nakivale mwenye kofia ya manyoya hata kwenye jua kali, na nimemwapisha aifikishe mkononi mwako kabla ya Jumanne.

Nianze na kazi, kwa sababu mengine yote yametoka humo. Unakumbuka nilikwambia kwamba ofisi yetu imepewa kuchora vituo vya magari kwenye barabara inayotoka Rugaaga, kupitia huko kwetu, hadi huku Mbarara. Ulicheka, ukaniuliza kituo kinachorwa nini, si gari linasimama tu na watu wanapanda? Nami nilikuwa nawaza hivyohivyo siku ya kwanza. Lakini mkuu wangu, Madamu Benitha, hataki kabisa mtu achore paa na benchi halafu aseme amemaliza. Kwake, nyumba, barabara, soko na gari vinachorwa kwenye karatasi moja. Anataka ujue mama mwenye mtoto mgongoni atashusha mzigo wapi, maji ya mvua yatapita wapi, muuza chai atakaa upande gani asigongwe na bodaboda, na mlango wa nyumba ya jirani unatazama wapi. Anasema anayemchorea mtu mahali pa kungojea bila kumwona akingoja, anachora kaburi lenye viti.

Basi miezi mitatu nilisimama na daftari kwenye stendi hapa mjini, nikitazama watu. Niliona kwamba hakuna anayekaa chini ya paa walilojengewa, kwa sababu ukiwa pale huoni gari likija. Watu hujibana kwenye kuta za maduka ili wapate pa kuegemea. Madereva nao hugombana kutwa nzima, kwa kuwa hakuna nafasi ya kugeuza gari bila kurudi nyuma mara tatu. Nilipomaliza, Madamu aliniambia niandike masharti ya kituo kizuri. Nikayaandika bila kufikiri sana, yakatoka yenyewe kama mtu anayesema jina lake. Uwanja mtupu wa hatua thelathini, ardhi inayoteremka kidogo, ukuta wa kuegemea upande wa jua linapochwea, bomba la maji lisiwe mbali, na mtu aone gari tangu linapotokeza kwenye kona. Madamu aliyasoma mara mbili, akasema nina jicho. Nilijisikia mtu kweli, Baba.

Mwenzangu Rugamba, kijana wa huku, ndiye aliyetumwa kupita barabara nzima na masharti yangu kutafuta mahali panapofaa. Mimi nilisema nina michoro ya kumaliza. Haikuwa kweli. Ofisini wanajua kwamba ninatoka wilaya ya Isingiro, na Nakivale iko Isingiro, kwa hiyo sikudanganya. Ila sikuwahi kuwaongezea lile neno la pili, mkimbizi, na niliogopa nikishuka pale njia panda kila mtoto ataniita kwa jina.

Jana Ijumaa tulikaa kikao. Rugamba akafungua kompyuta, picha zikaonekana ukutani, kubwa kama shuka. Akasema vituo vinane amevipata kwa taabu, lakini cha tisa kimekubali masharti yote bila kukosa hata moja, utadhani masharti yaliandikwa kwa ajili yake. Akaiweka picha. Baba, nilipigwa na butwaa, kalamu ikanitoka mkononi. Yalikuwa mawe yetu meupe. Yale mawe uliyoyapaka chokaa na kuyapanga kwa duara kuonyesha magurudumu yapite wapi. Huku nyumba yetu ya udongo, huku bomba, kule kona ya barabara. Na katikati ulikuwa wewe, umeinama na ufagio, mgongo kwa kamera, umevaa lile koti la kahawia ambalo Mama alilishona kiwiko kwa uzi wa kijani.

Hapo ndipo nilipofahamu nilichokuwa nimefanya. Nilidhani nimevumbua kitu, kumbe nilichora uwanja niliokulia. Miaka tisa nimeutazama kutoka mlangoni, mpaka ukawa ndiyo sura ya mahali pazuri kichwani mwangu, na sikujua.

Rugamba akaendelea kueleza, na kwa Kiswahili chake cha huku akakuigiza. "Mzee iko nafagia kila asubuhi," akasema. "Mimi nauliza yeye, kwa nini hapana panda kitu hapa, hata ndizi? Yeye nasema lori itakuja kuchukua familia yake kupeleka Amerika, na lori inataka fasi ya kugeuka." Watu walicheka. Si kwa ubaya, walicheka tu kama watu wanavyocheka Ijumaa wakiwa wamechoka. Nami nilicheka. Sauti yangu niliisikia mimi mwenyewe, ikicheka pamoja nao. Naiandika hivyohivyo ilivyokuwa, maana usipoisikia kwangu utaisikia kwa nani?

Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi. Madamu Benitha akanifuata akidhani ni tumbo. Nikamwambia yule mzee ni baba yangu. Akanitazama kama anayeniona mara ya kwanza. Kisha akaniambia nisimjibie mtu mwingine. "Jina lako natoa kwa hiyo karatasi ya kituo cha tisa," akasema. "Wewe enda uulize mwenye kiwanja. Hiyo si yangu, na si yako." Alikuwa na haki.

Sasa sikiliza jambo lenyewe. Alhamisi ijayo watakuja hapo kijijini kufanya mkutano kanisani, na wewe utaitwa mbele uulizwe kama unakubali uwanja wako uwe kituo. Kwenye mchoro wa Rugamba nyumba inaondoka, nanyi mnapewa kiwanja kingine karibu na bonde. Najua utakavyojibu, nimelisikia jibu lako tangu nina miaka kumi na minne. Utasimama na koti lako, utasema mbele ya majirani na mbele ya wageni, "Hapana, hii ni fasi ya gari. Siku itakuya, itageukia wapi?" Na utasema ukiwa na hakika kabisa.

Baba, gari haliji.

Nimekaa na kalamu hapa kwa muda, nikitafuta namna ya kuliandika neno hilo kwa upole, nimekosa. Haliji, na mimi ndiye niliyejua, na mimi ndiye niliyesababisha.

Unakumbuka kwenye fomu ya kuomba kuhamishiwa Amerika tuliandika namba ya simu yangu, kwa sababu mimi nilikuwa chuoni Mbarara na simu yangu ilikuwa na umeme wakati wote. Mwaka wa juzi, mwezi wa tano, ilipigwa. Mama mmoja wa ofisi ya wakimbizi, mwenye sauti ya taratibu, akaniambia familia yetu imeitwa kwenye mahojiano Jumatatu, wote sita, asikose hata mmoja. Jumatatu hiyohiyo nilikuwa naanza mtihani wa mwisho. Nikamwambia umelazwa hospitali. Nilisema hivyo, Baba, nilikulaza hospitali kwa mdomo wangu ukiwa mzima shambani kwa watu. Akasikitika, akakuombea, akapanga siku nyingine mwezi wa saba. Mwezi wa saba ulipofika nilikuwa nimepata nafasi kwa Madamu Benitha, wiki yangu ya kwanza. Nikahesabu kwamba tukienda mahojiano tutaondoka, na tukiondoka nitakwenda kufagia sakafu ya watu mahali ambapo hakuna atakayeniuliza kituo kikae wapi. Sikuwaambia. Niliiacha simu iite mpaka ikanyamaza.

Walipiga tena mwezi wa kumi. Wakasema kwa kuwa familia haikufika, faili letu limefungwa. Nikajibu asante. Mpaka leo najishangaa. Mtu anakwambia umewafungia mlango wazazi wako na wadogo zako, nawe unasema asante kama umepewa chenji.

Sijui kama tungefika. Wengi wamehojiwa na bado wako hapo, na wengine walipewa siku ya safari ikafutwa. Lakini hilo silileti liwe shuka la kujifunika. Haikuwa nafasi yangu peke yangu kuitupa.

Na kuna jambo linaloniuma kuliko hilo. Mwaka jana, mgao wa chakula ulipopunguzwa, nilikuja likizo. Mama alikuomba apande maharagi kwenye uwanja, hata upande mmoja tu. Ukamwambia, "Tuko batu ba kupita hapa, mama. Ukipanda, lori itakanyaga, utalia mara mbili." Mama akarudisha mbegu ndani. Watoto walikula mara moja kwa siku miezi ile, na ardhi nyeusi ya hatua thelathini ikiwa mbele yao imefagiliwa. Mimi nilikaa hapohapo kwenye kigoda. Nilikuwa nimeshajua kwa miezi mingi. Ningeweza kusema neno moja tu, nanyi mngekula. Nikakusifia jinsi mawe yalivyonyooka.

Ndiyo maana sikungoja Alhamisi. Nilipoona wale wenzangu wanacheka, nilifahamu kwamba mkutanoni watacheka watu wako mwenyewe, wale uliowasomea Neno kila Jumapili, na utakuwa hujui kwa nini. Hilo sikuweza kulivumilia. Afadhali unichukie ukiwa umekaa kitini kwako.

Kuhusu uwanja, sikuandiki ili ukubali. Ukisema hapana, inatosha, huna haja ya kutoa sababu. Panda maharagi, mpe Mama achague upande. Mimi nitamwomba Madamu abadilishe sharti moja na kituo kitahamia mbele ya duka la Appolinaire, ambaye atafurahi mpaka tuchoke naye. Lakini leo asubuhi nimechora karatasi ya pili, na nimeifunga ndani ya hii. Humo nyumba haitoki. Sasa hivi imeipa barabara kisogo kwa sababu uliijenga ya muda. Nimegeuza mlango, nikaweka baraza ndefu upande wa jua linapochwea. Watu wataegemea ukuta wetu na Mama atauza chai bila kulitembeza goti. Upande wa bomba nimeacha kipande cha maharagi. Mawe meupe yako palepale, sikuyasogeza hata moja, kwa sababu hesabu yako ya magurudumu ni sawasawa. Nilipima. Mtu aliyeipanga kwa macho tu alistahili kuwa na binti mkweli.

Ukitaka kuichana, ichane. Ukitaka kumwonyesha Mama, mwambie yote, usinifunike.

Nisalimie wote. Msalimie Mama na umwambie sabuni na chumvi viko kwa Jean-Paul. Msalimie Mihigo na wadogo wengine, ambao nao nina deni la kuwaambia kwa mdomo wangu. Mungu akupe usingizi baada ya maneno haya, maana mimi aliniondolea wangu na nilistahili.

Nitakuja Jumatano na gari la asubuhi. Nikitokeza kwenye kona nitauona uwanja, wewe ndiwe uliyeutengeneza uonekane toka pale. Nikikuta umefagiliwa, nitamwambia Jean-Paul aingie mpaka ndani, ageuze kwenye mawe. Nikikuta majani yametanda, nitashukia barabarani, nije kwa miguu. Lakini nitakuja.

Ni mimi binti yako,
aliyekulaza hospitali ukiwa mzima,
Umuhire